Servo nyingi, ubongo mmoja: namna ya kuziendesha bila kuchoma kibao

Mkono wa plastiki umefungwa juu ya meza. Moteri moja ndogo imeunganishwa na kibao cha mikrokontrola, na kidole cha kwanza kinajikunja na kujikunjua vizuri. Kila mtu anafurahi. Inaongezwa moteri ya pili, bado ni sawa. Ikifika ya nne ama ya tano, mambo yanageuka: vidole vinatetemeka, taa ya kibao inazimika na kuwaka, na mkono unarudi mwanzo kila mara kama mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. Programu inasomwa tena na tena, kosa halionekani. Siku ya tatu kibao kinatoa harufu ya kuungua.

Vijana wengi wanaojifundisha elektroniki hupita njia hiyo. Kwa Butembo, kibao kilichoungua si jambo dogo. Vipande vya aina hii havipatikani kila kona. Huagizwa Kampala, Dubai ama Guangzhou, na vingi huingia kwa mpaka wa Kasindi, kisha hupanda kwa barabara ya Beni ambayo wafanyabiashara wanajua hatari zake. Mwanafunzi aliyeunguza kibao chake jioni moja anaweza kungoja majuma kadhaa mpaka kingine kifike. Wengine huacha kabisa na kusema kazi hii si ya watu wa huku.

Lakini mara nyingi kosa haliko katika akili ya mwanafunzi, wala katika programu yake. Liko katika umeme. Makala hii inaeleza namna servo zinavyofanya kazi, kwa nini zikiwa nyingi zinaangusha kibao, na namna ya kuziunganisha ili zitii zote pamoja.

Roboti za Kinshasa

Wakongomani wengi walianza kusikia habari za roboti za nyumbani mwaka 2013, wakati roboti za kuongoza magari ziliposimamishwa katika barabara za Kinshasa. Zilitengenezwa na kikundi cha mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, mwanzilishi wa shirika la Wotech. Zilikuwa mashine ndefu za aluminiamu, zenye taa nyekundu na kijani, kamera, na pano za jua za kuzipa umeme. Kifua kilizunguka, mikono ilipanda na kushuka, na madereva walijua wasimame ama waende.

Aliyetazama roboti ile kwa dakika moja aliona mara moja ugumu wa kazi hii. Mkono mmoja haupandi peke yake. Mikono miwili, kifua na taa lazima vikubaliane, kila kimoja kwa wakati wake. Haidhuru mashine ni ndefu kuliko mtu ama ni mkono mdogo wa majaribio juu ya meza, swali ni lile lile: ubongo mmoja unaamrisha namna gani viungo vingi, na viungo hivyo vinakula wapi?

Servo ni nini

Jina lenyewe ni la zamani. Mwaka 1873, mhandisi Mfaransa Joseph Farcot alichapisha kitabu juu ya kile alichokiita "servo-moteur", yaani moteri iliyowekwa chini ya amri. Kazi yake ilihusu usukani wa meli. Meli zilikuwa kubwa, nguvu za mkono wa mtu hazikutosha tena, kwa hiyo mvuke ulifanya kazi nzito huku mtu akigeuza gurudumu dogo tu. Mtu anatoa amri ndogo, mashine inatoa nguvu kubwa, na inasimama pale pale ilipoagizwa.

Servo ndogo za leo zina wazo hilo hilo. Ndani ya kisanduku kimoja kuna vitu vinne: moteri ya kawaida, meno ya gia yanayopunguza mwendo na kuongeza nguvu, potensiometa inayopima mhimili umefika wapi, na sakiti ndogo inayolinganisha mahali mhimili ulipo na mahali ulipoagizwa. Kukiwa na tofauti, moteri inazunguka mpaka tofauti iishe. Ukisukuma mhimili kwa kidole, servo inakataa na kurudi mahali pake. Ndiyo sababu inakula umeme hata ikiwa imesimama: inashikilia.

Aina mbili ndizo zinazoonekana zaidi mikononi mwa wanafunzi. Ya kwanza ni SG90, ya bluu, yenye uzito wa gramu 9 na gia za plastiki. Ya pili ni MG996R, nyeusi, ya gramu 55, yenye gia za chuma. Ile ndogo inafaa kwa mlango wa sanduku ama jicho la kinyago. Ile kubwa ndiyo ya mkono na mguu.

Nguvu ya servo huandikwa kwa kilo-sentimita. MG996R ina kama 9,4 kwa volti 4,8. Maana yake ni kwamba kwa umbali wa sentimita 1 kutoka kwenye mhimili inaweza kuzuia kilo 9,4. Kwa sentimita 10 inabaki gramu 940. Kwa sentimita 20 ni gramu 470 tu, na hapo chupa ya maji ya nusu lita inaishinda. Na hicho ndicho kiwango cha juu kabisa, pale servo inapokwama. Kazi ya kila siku isizidi nusu yake, hata theluthi. Hesabu hiyo ifanywe kabla ya kununua.

Amri inasomwaje

Servo ina nyaya tatu. Katika nyingi, kahawia ama nyeusi ni hasi, ile ambayo mafundi wa huku wanaiita masi. Nyekundu ni chanya. Ya machungwa, njano ama nyeupe ni ya amri.

Kwenye waya wa amri, mikrokontrola hutuma pigo fupi la umeme kila milisekunde 20, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Servo haiangalii nguvu ya pigo. Inaangalia urefu wake. Pigo la milisekunde 1 linaipeleka upande mmoja, milisekunde 1,5 linaiweka katikati, milisekunde 2 linaipeleka upande wa pili. Servo nyingi hukubali pigo fupi ama refu kuliko hapo kidogo, lakini kila moja ina mpaka wake, na ukiuvuka utaisikia ikinguruma imegonga ukuta wa ndani.

Waya wa amri hubeba umeme mdogo sana. Ndiyo maana mguu mmoja wa mikrokontrola, ambao haufai kutoa zaidi ya miliampere 20 hivi, unaweza kuamrisha servo inayonyanyua kilo. Hapa ndipo wengi wanapochanganya mambo mawili: kuamrisha na kulisha. Kuamrisha ni kazi ya mikrokontrola. Kulisha si kazi yake.

Kwa nini kibao kinaanguka

Kibao kinachotumika zaidi katika mafunzo ni Arduino, kilichozaliwa katika mji wa Ivrea, Italia, mwaka 2005. Aina ya Uno ikiwashwa kwa USB ya kompyuta inapata kama miliampere 500, kwa kibao chenyewe na kila kitu kilichoshikamana nacho. Ukiiwasha kwa batri ya volti 12 kupitia tundu lake la duara, kifaa kidogo cha ndani kinashusha volti 12 kuwa 5, na volti 7 zinazobaki zinageuka joto. Servo zikidai ampere 1 kupitia hapo, ni wati 7 za joto katika kipande kidogo kuliko ukucha. Hapo ndipo harufu inapotokea.

Sasa tazama upande wa servo. SG90 ikikwama inaweza kudai kama ampere 0,7. MG996R ikikwama kwa volti 6 inadai kama ampere 2,5. Na servo haikwami tu pale inapogonga kitu. Kila inapoanza kuondoka, kwa muda mfupi sana, inavuta umeme karibu na kiwango kile kile. Servo tano zikiondoka kwa pamoja, zote zinavuta pamoja.

Kinachofuata ni rahisi kuelewa kwa mtu yeyote anayeishi na jenereta ndogo. Jirani akiwasha mashine ya kuchomelea, taa za nyumba nzima zinafifia. Servo zikiondoka, volti 5 za kibao zinashuka. Mikrokontrola haiwezi kufikiri kwa volti ndogo, inazimika. Ikizimika, servo zinaachia, volti inapanda, mikrokontrola inawaka tena na kuanza programu kutoka mstari wa kwanza. Mstari wa kwanza unaamuru servo zote ziende mahali pa kuanzia, zinavuta tena, kibao kinaanguka tena. Mtu anaona mkono unatetemeka na kudhani programu ina wazimu. Fundi mzoefu anatazama mara moja na kusema: "Moto iko kidogo."

Hesabu ya kwanza: ampere ngapi?

Kabla ya kushika waya, chukua kalamu. Tuseme unatengeneza mkono kama ule wa InMoov, roboti ambayo mchongaji Mfaransa Gaël Langevin aliianza mwaka 2012 na kuweka michoro yake wazi ili kila mtu aweze kuichapa kwa mashine ya plastiki. Ndani ya kigasha kuna servo tano zinazovuta vidole kwa nyuzi, na moja ya kuzungusha kiwiko cha kiganja. Jumla ni sita.

Zote sita zikiwa MG996R na zote zikikwama kwa wakati mmoja: 6 mara 2,5 ni ampere 15. Hicho ndicho kiwango ambacho chanzo cha umeme kinapaswa kukivumilia. Katika mwendo wa kawaida matumizi ni madogo, kama ampere 0,5 hadi 0,9 kwa kila moja. Ukichukua 0,7, sita zitakula kama ampere 4,2. Namba hizi mbili zina kazi tofauti: ile ya ampere 15 inachagua unene wa nyaya na ukubwa wa chanzo, ile ya 4,2 inakuambia batri itadumu saa ngapi.

Kibao cha PCA9685

Arduino Uno inaweza kuamrisha servo 12 peke yake, kwa programu yake ya servo. Lakini miguu yake inakwisha haraka, na kila mapigo yanapotengenezwa, mikrokontrola inakatizwa katika kazi zake nyingine. Kwa hiyo mafundi wengi huweka kati kibao kidogo chenye chipu ya PCA9685, iliyotengenezwa na kampuni ya NXP.

Kibao hiki kina njia 16, kila moja ya servo yake. Mikrokontrola inaongea nacho kwa nyaya mbili tu za amri, zinazoitwa SDA na SCL. Inasema mara moja: "Njia ya 3, pigo la urefu huu," kisha inaendelea na kazi nyingine. PCA9685 ndiyo inayorudia pigo hilo mara 50 kwa sekunde, bila kuchoka, mpaka iambiwe vingine.

Ukitaka zaidi ya servo 16, unaongeza kibao cha pili kwenye nyaya zile zile mbili. Kila kibao kina anwani. Ya kwanza ni 0x40. Kwenye kona kuna alama sita ndogo, A0 hadi A5. Ukiziba A0 kwa tone la risasi ya kuunganishia, anwani inakuwa 0x41. Kwa namna hiyo vibao 62 vinaweza kufuatana, yaani servo 992. Hakuna mtu Butembo anayehitaji nyingi hivyo, lakini ni vizuri kujua kwamba mpaka hauko karibu.

Jambo moja lisisahauliwe: PCA9685 inatoa amri tu, umeme haitengenezi. Kina milango miwili tofauti ya umeme, na kuichanganya ndiko kunakoua vibao.

Mlango wa kwanza unaitwa VCC. Ni wa akili ya chipu yenyewe, volti 3,3 hadi 5, na unakula kidogo sana. Huo unachukua umeme kutoka kwenye mikrokontrola. Mlango wa pili unaitwa V+, ule wenye skrubu mbili. Ni wa servo, na unapata umeme kutoka chanzo cha pembeni, volti 5 hadi 6. Usiunganishe V+ na mguu wa volti 5 wa Arduino.

Kuunganisha, hatua kwa hatua

Kwanza, zima kila kitu. Unganisha VCC ya kibao na 5V ya Arduino Uno, GND na GND, SDA na mguu A4, SCL na mguu A5. Ukitumia ESP32 badala ya Uno, VCC iende kwenye 3,3, maana ESP32 haivumilii volti 5 kwenye miguu yake ya amri.

Pili, leta chanzo cha servo. Kabla ya kukiunganisha, kipime kwa multimeta. Kama kinaonyesha zaidi ya volti 6, usiendelee. Kisha funga chanya kwenye V+ na hasi kwenye GND ya skrubu. Angalia mara mbili, juu vibao vingi vya bei rahisi havina kinga ya kugeuza nyaya.

Tatu, hakikisha masi zote zimekutana: hasi ya chanzo cha servo, hasi ya PCA9685 na hasi ya mikrokontrola. Bila hilo, pigo la amri halina mahali pa kupimiwa. Ni kama watu wawili wanaopima urefu wa nguzo, mmoja amesimama shimoni na mwingine juu ya kiti: namba zao hazitapatana kamwe. Servo isiyo na masi ya pamoja hutetemeka ovyo, na wengi huitupa wakidhani imeharibika.

Nne, weka kondansateri kubwa kwenye V+ na GND. Kanuni ya kukumbuka ni mikrofaradi 100 kwa kila servo. Kwa servo sita, ya mikrofaradi 680 ama 1000 yenye volti 10 ama zaidi inatosha. Kazi yake ni kama pipa la maji nyumbani: bomba likidhoofika kwa muda mfupi, pipa linasaidia. Ina upande wa hasi uliochorwa mstari. Ukiigeuza inaweza kupasuka.

Tano, nyaya za umeme ziwe nene na fupi. Zile nyembamba za rangi zinazokuja na vifaa vya mafunzo ni za amri, hazifai kubeba ampere 10. Kibao cheupe chenye matundu vilevile si njia ya umeme mkubwa. Kwa servo kubwa nyingi, ni heri kupeleka chanya na hasi moja kwa moja kutoka chanzo hadi kwenye servo, na kuchukua waya wa amri peke yake kutoka PCA9685.

Sita, weka fyuzi. Ni kipande cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachookoa vingine.

Umeme utoke wapi?

Umeme wa uhakika haupatikani kwa kila nyumba, na hata mwenye nao anajua unavyokatika. Kuna njia tatu zinazowezekana.

Njia ya kwanza ni sanduku la umeme la kompyuta ya mezani iliyokufa. Waya nyekundu ni volti 5, nyeusi ni hasi, na kibandiko cha pembeni kinaonyesha ampere. Nyingi hutoa zaidi ya ampere 15 kwenye volti 5. Ili liwake, waya wa kijani unaguswa na mweusi. Lakini usifungue sanduku lenyewe: ndani kuna umeme mkubwa unaobaki hata baada ya kuchomoa.

Njia ya pili ni batri ya volti 12, ya pikipiki ama ya pano za jua, pamoja na kibadilishaji cha kushusha volti hadi 6. Hapa soma namba vizuri. Kile kidogo cha bluu chenye chipu ya LM2596 mwisho wake ni ampere 3, na bila kipoza joto ni heri kisizidi 2. Kinaweza kulisha SG90 tatu ama nne, si mkono mzima. Kwa MG996R sita, tumia vibadilishaji viwili vya ampere 10, kila kimoja kwa servo tatu. Hasi zao ziunganishwe. Chanya zao zisiunganishwe.

Batri ya volti 12 na ampere-saa 7 itadumu muda gani? Servo sita zinazokula ampere 4,2 kwa volti 6 ni kama wati 25. Kibadilishaji kinapoteza kidogo, kwa hiyo batri inatoa kama wati 30, yaani ampere 2,5. Batri ya risasi isitumiwe zaidi ya nusu yake, hivyo kuna ampere-saa 3,5. Matokeo ni saa moja na dakika ishirini hivi. Mwanafunzi anayejitayarisha kuonyesha kazi yake mbele ya walimu ajue namba hiyo kabla ya siku yenyewe.

Njia ya tatu ni seli za lithiamu zilizotolewa katika kompyuta za mkononi. Hizo zinatumika sana, lakini mbili zikifuatana hutoa volti 8,4 zikiwa zimejaa, nyingi mno kwa servo hizi, kwa hiyo kibadilishaji bado kinahitajika. Tena seli iliyovimba ama iliyotobolewa inaweza kuwaka moto. Isichajiwe usiku watu wakiwa wamelala.

Programu: usiwaamshe wote pamoja

Umeme ukishakuwa sawa, programu inakuwa nyepesi. PCA9685 inagawa kila mzunguko wa pigo katika sehemu 4096. Kwa mapigo 50 kwa sekunde, milisekunde 20 zikigawanywa kwa 4096, kila sehemu ni kama mikrosekunde 4,9. Hivyo milisekunde 1 ni sehemu 205, milisekunde 1,5 ni 307, na milisekunde 2 ni 410.

Programu nzuri inaanza kwa kuweka mwendo wa mapigo 50. Saa ya ndani ya chipu hutofautiana kidogo kutoka kibao hadi kibao, kwa hiyo 307 ya kibao kimoja inaweza kuwa si katikati kabisa kwa kingine. Ndiyo sababu kila servo iandikiwe mipaka yake. Anza na 205 hadi 410, panua polepole, na rudi nyuma mara unaposikia kunguruma. Andika namba hizo kwenye daftari: kidole gumba kutoka ngapi hadi ngapi, shahada kutoka ngapi hadi ngapi. Servo isiyo na mpaka hujivunja gia yenyewe.

Kisha, usiziamshe zote kwa mara moja. Amsha ya kwanza, ngoja robo sekunde, amsha ya pili. Na usirushe servo kutoka 307 hadi 410 kwa amri moja. Ipeleke sehemu moja moja, ukingoja milisekunde 10 kila mara. Safari hiyo ya hatua 103 itachukua kama sekunde moja, mwendo utaonekana kama wa mtu, na umeme unaovutwa utapungua sana.

Mwisho, weka namna ya kusimamisha. PCA9685 ina mguu uitwao OE. Ukiunganishwa na chanya ya VCC, mapigo yote yanakatika pamoja. Kitufe kimoja hapo ni breki ya dharura. Kumbuka tu kwamba servo isiyopata mapigo kwa kawaida huachia, kwa hiyo mkono ulionyanyua kitu unaweza kukiangusha.

Dalili na maana yake

Kibao kinawaka na kuzimika servo zinapoondoka: umeme ni mdogo, ama servo zinakula kwenye kibao.

Servo zote zinatetemeka bila mpango: masi hazijakutana, ama waya wa hasi umelegea.

Servo moja tu inanguruma na kupata joto: imesukumwa kupita mpaka wake, ama mzigo umeizidi. Izime haraka.

Servo inafika lakini haishiki: volti inashuka chini ya mzigo. Ipime wakati inafanya kazi, si wakati imelala.

Hakuna kinachosogea kabisa, lakini taa ya PCA9685 inawaka: V+ haina umeme, OE imefungwa, ama anwani si ile iliyoandikwa katika programu.

Kwa kila dalili, dawa ya kwanza ni kuchomoa servo zote na kuzirudisha moja moja, ukipima volti kila inapoongezwa. Inachosha, lakini ni haraka kuliko kungoja kibao kingine kutoka Kampala.

Mkono wa mezani na mkono wa mtu

Vijana wengi wanaoanza na servo wanataka kufika mahali pamoja: kutengeneza mkono kwa mtu aliyepoteza wake. Katika Beni na Lubero, vita vimewaacha watu wengi na viungo vilivyokatwa. Nia hiyo ni njema, na mafunzo ya servo sita ni mwanzo wa kweli.

Lakini mkono unaokunja vidole mezani bado si kiungo bandia. Unaoweza kuvaliwa kutwa nzima lazima uwe mwepesi, usichome ngozi, usijeruhi kisiki, usishtuke ukilowa mvua, na batri yake idumu. Servo sita za gramu 55 peke yake ni gramu 330, kabla ya plastiki, nyaya na batri. Kupima kisiki, kutengeneza soketi na kumfundisha mtu kutumia kiungo ni kazi ya wataalamu, kama wale wa kituo cha Shirika la Umoja kule Goma, kinachojulikana kwa viungo bandia na huduma kwa walemavu. Fundi wa elektroniki mwenye busara anatafuta ushauri wao mapema, kabla hajampa mtu yeyote matumaini.

Kwa sasa, hatua ya kwanza iko juu ya meza, na haihitaji pesa nyingi: kalamu ya kupiga hesabu ya ampere, multimeta, na chanzo cha umeme cha servo kilicho mbali na ubongo. Kibao kitabaki kizima, na kidole cha tano kitakunjika kama kile cha kwanza.